Mpiga Ngoma Naye Ni Mfanyakazi

Mcheza kwao hutunzwa. Ndivyo walivyonena wazee wetu, na huko Mbalibali, kama katika vijiji vingine vya Tarime na Serengeti, mpiga litungu akialikwa arusini hula, hunywa, na hutuzwa fedha kidogo na wenye furaha. Hatuna ugomvi na desturi hiyo, kwani ni heshima ya mtu mbele ya watu wake. Lakini tuzo si ujira. Tuzo hutolewa mtoaji apendapo. Ujira hudaiwa kwa haki. Tofauti hiyo yatupasa kuifikiri.

Kwa miaka mingi mwanamuziki aliitwa mhuni, mtu aliyekimbia jembe. Historia yetu yakanusha neno hilo. Marehemu Rashidi Kawawa alicheza katika sinema ya Muhogo Mchungu, kisha mwaka 1955 akawa katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, na mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba mtu huyo hakuijua kazi.

Mwaka 1964 TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA, nayo ikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Waimbaji na wapiga magitaa, miongoni mwao Muhidini Maalim Gurumo, wakawa watumishi wenye mshahara, kama karani au dereva. Jeshi, Polisi na mashirika ya umma nayo yakawa na bendi zao. Hayo yalikuwa mageuzi makubwa: aliyeitwa mhuni jana, leo alikuwa mwajiriwa.

Hata hivyo twapaswa kusema kweli yote. NUTA ilikuwa mtetezi wa wafanyakazi, na papo hapo ilikuwa mwajiri wa wanamuziki. Nani basi angemtetea mwanamuziki mbele ya mtetezi wake? Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, na asiyeridhika alikuwa na njia moja iliyo wazi, yaani kuhama bendi. Mwaka 1978 Gurumo mwenyewe alihamia Mlimani Park. Bendi aliyoiacha ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma.

Leo sheria zipo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ilileta COSOTA, na sheria ya ajira ya mwaka 2004 yawapa wafanyakazi wasiopungua 20 haki ya kuunda chama chao. Lakini mpiga litungu wa Mbalibali hana mwajiri mmoja. Leo aitwa na mwenye arusi, kesho na mwenye hoteli ya watalii, keshokutwa aitwa na sisi.

Naam, na sisi. Ni mara ngapi ngoma imechezwa juani tangu asubuhi ili mkutano upate watu, kisha wachezaji wakapewa soda na shukrani? Fundi wa vipaza sauti alilipwa. Mwenye turubai alilipwa. Mwenye ngoma akaambiwa kwamba amejitolea. Kujitolea ni jambo jema pale mtu anapojitolea mwenyewe. Kujitolewa na mwingine ni unyonyaji, hata kama anayefanya hivyo ni ndugu yako mwenye kadi kama yako.

Basi twasema: malipo yapatanwe kabla ya ngoma kupigwa, yaandikwe, na yalipwe siku ileile. Asirekodiwe mtu pasipo ridhaa yake. Nao wenye ngoma wa kila kata wakutane, wakubaliane kima ambacho hakuna atakayekubali kushuka chini yake. Kwani mmoja akikubali soda, wote watalipwa soda.

Tusingoje mtu mwingine aanze. Mkutano wetu ujao una ngoma, tuanze hapo.