Ijumaa Kuu ni ya Nani? Ukristo wa Bagamoyo na Utamaduni wa Magharibi

Wakristo wa Bagamoyo, kama wenzao wote wanaosali kwa Kiswahili, hukumbuka kusulubiwa kwa Yesu siku ya Ijumaa Kuu. Jina hilo tumelizoea mno hata hatulisikii tena. Ijumaa ni neno la Kiarabu, siku ya kukusanyika msikitini, na juma zima la Kiswahili linahesabiwa kutokea hapo: Jumamosi ni siku ya kwanza baada yake, Jumapili ni ya pili. Kwa mapokeo ya Kanisa, siku ya Bwana ndiyo ya kwanza. Mkristo wa pwani anaiita ya pili na anavaa vizuri kwenda kusali bila kuona ajabu yoyote. Naanzia hapo kwa sababu kuna swali linalowafuata Waafrika Wakristo huku ughaibuni: kwa nini mnashikilia dini ya Wazungu, tena ambayo Wazungu wenyewe wameshaanza kuiacha? Swali hilo kwa kawaida hujibiwa kwa siasa au kwa hasira. Upo ushahidi wa aina nyingine, nao tunatembea nao mdomoni.

Anayeuliza hivyo hazushi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, Wafaransa, walifika Unguja mwaka 1863 wakitokea kisiwa cha Réunion, na mwaka 1868 wakavuka chini ya Padri Antoine Horner na kufungua misheni Bagamoyo. Mji huo ulikuwa kituo cha mwisho cha misafara iliyoshusha pembe za ndovu na watumwa kutoka bara. Misheni ilikomboa watumwa, wengi wao watoto, kwa fedha zilizochangwa na waumini wa Ulaya, ikawaweka katika kile kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Humo kulikuwa na ibada na shule, shamba na karakana, pia majina ya watakatifu ambayo mtoto hakuyasikia kwao. Aliyekombolewa alipata uhuru wa kutouzwa tena, lakini hakuulizwa angependa kuishi vipi. Mafundisho ya Yesu na desturi za kijiji cha Ufaransa vilishuka katika jahazi moja, na aliyevipokea hakuwa na njia ya kuvitenganisha.

Hata hivyo, kufika pamoja si kuwa kitu kimoja. Magharibi yenyewe haikuwa na kauli moja juu ya dini hii. Wakati mapadri wa Kifaransa wakijenga Bagamoyo, serikali ya nchi yao ilikuwa inavutana na Kanisa. Mwaka 1880 iliyavunja mashirika kadhaa ya kitawa, na mwaka 1905 ikatenganisha dola na dini kwa sheria. Mwaka 1874 mwili wa David Livingstone, Mskoti wa upande wa Waprotestanti, ulilazwa katika kanisa la Wakatoliki hawa kabla ya kuvushwa Unguja na kupelekwa London. Waliokuwa wameubeba kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, walikuwa Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi. Huko Ulaya madhehebu hayo mawili yalikuwa na ugomvi wa karne tatu. Basi anayesema "Ukristo ni Magharibi" atuambie kwanza ni Magharibi ipi.

Watu wa pwani wa zama hizo walijua kutofautisha. Vita vya kuwapinga Wajerumani vilipozuka mwaka 1888, maelfu ya watu walikimbilia misheni ya Bagamoyo, na Bushiri bin Salim, kiongozi wa mapambano hayo, hakuivamia. Lakini Januari 1889 misheni ya Wabenedikto wa Kijerumani kule Pugu ilishambuliwa na kuharibiwa. Mtu atasema Bushiri alipiga hesabu za vita tu, kwamba Wafaransa hawakuwa adui zake. Sawa, na ndiyo hoja yenyewe: Mwislamu aliyekuwa vitani aliweza kuona kwamba msalaba ni kitu kimoja na bendera ni kingine. Mombasa ilishatoa somo hilo mapema. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 na wakaleta watawa wao. Ngome ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698, Ukristo wao ulikwenda nao. Uliosimama juu ya mizinga ulianguka pamoja na mizinga, ukatuachia neno "padri" na mengine machache.

Ule wa karne ya 19 ulibaki, na sababu mojawapo kubwa ni lugha. Edward Steere, Mwanglikana aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alijifunza Kiswahili kwa msaada wa wasomi wa Kiislamu wa mji huo. Charles Sacleux, padri wa shirika lile lile la Bagamoyo, alikusanya maneno kwa miaka mingi hadi kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ikachapwa kati ya 1939 na 1941. Watu hawa walipotafuta maneno ya kufundishia imani, waliyakuta tayari. Imani, dhambi, toba, sadaka, malaika, roho, msalaba, Injili: yote yalipitia Kiarabu. Mungu ni neno la Kibantu, nalo lilibaki mahali pake. "Askofu" ni neno la Kigiriki lililopita kwa Waarabu kabla ya kutua pwani, safari ambayo haikugusa Paris wala London. Sehemu iliyokuja moja kwa moja na wamisionari ipo, kama misa, altare na Kwaresima, lakini ni ndogo kuliko tunavyodhani. Na mwaka 1996, vitabu vya Injili alivyovitafsiri Julius Nyerere kwa mashairi vilipotoka, vilitoka katika umbo la utenzi, umbo lile lile ambalo washairi Waislamu wa Pate walilitumia tangu karne ya 18 kusimulia vita vya Mtume.

Mpinzani makini atajibu kwamba maneno ni ganda tu, kiini bado cha Ulaya. Tumgeuzie hoja. Waingereza nao wana Ijumaa Kuu, na jina la Ijumaa katika lugha yao ni la Frigg, mungu wa kike wa mababu zao kabla ya ubatizo. Wao pia waliletewa dini na wageni: mtawa Augustino alitumwa kwao kutoka Roma, akafika mwaka 597, wakati ufalme wa Aksum, kule Ethiopia, ulikuwa na wafalme Wakristo kwa zaidi ya miaka 200. Hakuna anayemwambia Mwingereza kwamba anafuata dini ya Waitalia. Imani hii haikuzaliwa Ulaya, na kila ilipofika ilivaa nguo iliyokuta. Ikiwa Mwingereza ameruhusiwa kuifanya yake, Mzaramo na Mkwere wanakatazwa na nani?

Linabaki pingamizi zito zaidi, la mamlaka. Ni kweli kwamba ngoma, jando na unyago vilihukumiwa na wageni ambao hawakuvielewa. Ni kweli pia kwamba mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya 1962 na 1965, misa ya Wakatoliki ilisomwa kwa Kilatini, lugha ambayo si mkulima wa Bagamoyo tu, hata mkulima wa Ufaransa hakuielewa. Majeraha hayo hayaponi kwa kuyakana. Lakini tuyaite kwa jina lake: kosa lilikuwa kufanya desturi za mleta habari kuwa sehemu ya habari yenyewe. Anayeukataa Ukristo kwa kuwa ni wa Kizungu anarudia kosa hilo hilo kutoka upande wa pili.

Kwa walioko ughaibuni jambo hili lina matumizi ya kila siku. Gauni jeupe la harusi, kwa mfano, lilipata umaarufu baada ya Malkia Victoria kulivaa mwaka 1840, miaka 28 tu kabla ya misheni ya Bagamoyo. Anayelipenda alivae, lakini asimwambie binti yake kwamba bila hilo hakuna ndoa ya Kikristo. Toba ni jambo jingine: ilikuwapo kabla ya Victoria, na pwani tulikuwa na neno lake kabla jahazi la Horner halijatia nanga.