Ukikagua michango yako, anza na miezi

Wafanyakazi wengi wakipata taarifa yao ya michango, jicho huenda moja kwa moja kwenye jumla ya fedha. Nawasihi waanze na miezi. Hapa Tanzania, pensheni ya uzeeni haipatikani bila michango ya angalau miezi 180, na idadi ya miezi ndiyo inayoingia kwenye kikokotoo cha mafao.

Tuseme wastani wa mshahara wako ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kikokotoo kilivyokuwa kilipoanza Julai 2022, ungestaafu ukiwa na miezi 180 kamili ungepata mkupuo wa takribani shilingi 15,360,000, kisha pensheni ya karibu shilingi 208,000 kila mwezi maisha yako yote. Mwenzako wa mshahara huohuo mwenye miezi 177 hapati pensheni hiyo. Hulipwa mara moja, basi. Inauma zaidi pale ambapo miezi hiyo mitatu aliifanyia kazi na akakatwa, ila mwajiri hakuwasilisha.

Hati ya mshahara inathibitisha kwamba umekatwa. Haithibitishi kwamba fedha imefika kwenye mfuko. Mwanachama wa NSSF, mfuko wa sekta binafsi, huchangiwa asilimia 20 ya mshahara, na yeye mwenyewe hakatwi zaidi ya asilimia 10. Wa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, hukatwa 5, mwajiri akaongeza 15. Kwa hiyo mwajiri asipowasilisha, unapoteza jasho lako pamoja na sehemu yake.

Kuna wasiojua hata waulize wapi. PSPF, LAPF, GEPF na PPF ziliunganishwa kuwa PSSSF tarehe 1 Agosti 2018, na NSSF ikabaki na sekta binafsi. Aliyekuwa PPF zamani kisha akaajiriwa na kampuni inayochangia NSSF anaweza kuwa na kumbukumbu pande zote mbili. Aulize kote.

Taarifa unaipata kwenye mfumo wa mtandaoni wa mfuko wako (PSSSF wana programu ya simu iitwayo PSSSF Kiganjani) au katika ofisi zao, ukiwa na namba ya uanachama na kitambulisho cha NIDA. Iweke kando ya hati zako za mshahara, uzipitie mwezi kwa mwezi. Angalia palipo wazi. Angalia pia kama mshahara uliochangiwa ndio unaolipwa kweli, na kama majina yanafanana na ya NIDA, hasa kwa mwanamke aliyebadili jina baada ya kuolewa. Tofauti ya herufi moja inaweza kukuchelewesha wakati wa kudai mafao.

Ukikuta pengo, mwandikie mwajiri barua, nakala ipeleke kwenye mfuko, ukiambatisha hati za miezi husika. Fanya hivyo mwaka huu, kampuni ikiwa bado ina ofisi na mhasibu anayekufahamu. Na hati za mshahara usizitupe, hata za kazi uliyoiacha zamani.