Waungwana wa Kisangani

Katika soko la Kisangani zasikika lugha mbili kubwa. Lingala ilipanda mto kutoka magharibi pamoja na askari na meli za dola. Kiswahili kilitoka mashariki. Ni nani waliokileta huku, mbali hivi na bahari?

Waliokileta walijiita Waungwana, maana yake watu huru. Walikuwa wafuasi wa wafanyabiashara wa Unguja na pwani. Njia yao ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe, kisha ikafuata mto Lualaba hadi kwenye maporomoko. Waarabu wenyewe walikuwa wachache. Wengi walikuwa Wanyamwezi, Wamanyema na wenyeji wengine wa bara.

Tusifiche lililo chungu. Walitafuta pembe za ndovu na watumwa. Vijiji vilichomwa moto, na watoto wakatengwa na mama zao. Tena wengi waliojiita watu huru walikuwa wametekwa wao wenyewe utotoni, wakakulia katika safari za mabwana wao.

Mwaka 1883 Stanley alijenga hapa kituo cha Mfalme Leopold II. Mwaka 1886 kikaachwa baada ya mapigano na Waungwana. Mwaka uliofuata mfalme akamfanya Tippu Tip, mfanyabiashara mkuu wa Unguja, kuwa liwali wa mahali hapo. Naye baadaye akarudi pwani. Hatimaye vita vya 1892 hadi 1894 vikauvunja utawala wao.

Bunduki zikanyamaza, lakini watu walibaki. Wakalima mpunga kandokando ya mto, wakaoana na majirani, na majirani wakazoea maneno yao. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa wakulima wa Kijerumani waliohamia Pennsylvania, Amerika, tangu mwaka 1683: hawakuwa na jeshi wala dola yao huko, ila hata leo baadhi ya wajukuu wao husema lugha ya wazee.

Basi, kilichodumu Kisangani si nguvu ya liwali. Watoto wa waliotekwa waliishika lugha ya watekaji, wakaifanya yao, na leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyelishika jembe hilo, na wanawe baada yake, tumwiteje mgeni tena?