Redio Kuukuu ni Hati: Tuisome Kabla ya Kuisafisha

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, huja kinyume. Mjukuu huyo nimempakata kwa miaka kadhaa sasa, na aliyemleta nyumbani kwangu ni kitambaa kidogo kilicholoweshwa spiriti.

Katika uwanja wa mnunuzi wa vyuma vikuukuu jijini Nairobi, niliona kasha la chuma la rangi ya kijivu limewekwa juu ya mizani, tayari kupimwa kwa kilo pamoja na masufuria yaliyotoboka. Usoni palikuwa na picha ndogo ya mnara wa taa. Nikalitambua papo hapo. Kilikuwa kipokezi cha Eddystone, kazi ya kampuni ya Stratton ya Birmingham, Uingereza. Nilikinunua kwa bei ya shaba iliyokuwamo ndani yake, nikakibeba hadi nyumbani kwa furaha ya mtoto.

Jioni ile ile nikaanza usafi. Ndani ya kifuniko palikuwa na mikwaruzo ya penseli iliyofunikwa na vumbi na masizi. Sikuijali. Nilipitisha kitambaa mara mbili tatu, na nilipovaa miwani ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nikifuta maandishi. Zilibaki safu za tarakimu zisizosomeka, nusu ya tarehe, na pembeni alama VQ4. Kilichofuata VQ4 kilikuwa kimekwisha kuhamia kitambaani.

Sina budi kueleza VQ4 ni nini. Kila mwenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani mtu azungumzaye na wenzake hewani kwa mapenzi tu wala si kwa ujira, hupewa jina la hewani la herufi na tarakimu ambalo hapewi mwingine. Zama za ukoloni majina ya Kenya yalianza kwa VQ4, ya Tanganyika kwa VQ3, ya Uganda kwa VQ5, na ya Zanzibar kwa VQ1. Baada ya uhuru Kenya ilipata 5Z4. Kwa hivyo mabaki yale yananiambia kwamba mwenye jina lile alikuwa na leseni ya Kenya kabla ya mabadiliko hayo. Herufi nilizozifuta ndizo zingeniambia alikuwa nani.

Yamkini msomaji atauliza: mtu mmoja na penseli yake wana uzito gani katika historia? Hapana shaka uzito upo, kwani sehemu kubwa ya historia ya redio ilijengwa na watu wa namna hiyo. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwabana watu wa ridhaa katika mawimbi ya mita 200 kushuka chini, kwa kuwa mawimbi mafupi yalidhaniwa hayafai kitu kwa mawasiliano ya mbali. Mdharau mwiba mguu huota tende. Novemba 1923 Léon Deloy, akiwa Nice, Ufaransa, aliwasiliana kwa alama za Mose na Fred Schnell wa Connecticut, Marekani, kwa mawimbi ya karibu mita 100. Tarehe 18 Oktoba 1924 Frank Bell, akiwa katika shamba la kondoo huko New Zealand, aliwasiliana na Cecil Goyder aliyekuwa London. Wanafunzi na walisikie hili: Goyder alikuwa mwanafunzi wa shule ya Mill Hill, na mawasiliano hayo aliyafanya akiwa humo humo shuleni.

Njia waliyoifungua hao ndiyo iliyopitwa baadaye na matangazo ya kimataifa. BBC ilipoanza kutangaza kwa Kiswahili mnamo Juni 1957, sauti kutoka London ilisafiri kwa mawimbi yayo hayo mafupi yaliyokuwa yamedharauliwa. Nasi tunayajua haya yote kwa sababu wahusika waliandika. Waliweka madaftari yenye saa ya kila mawasiliano, mawimbi yaliyotumika na jina la hewani la mwenzao, kisha wakapelekeana kadi kwa posta ili kuthibitisha.

Sisi wanaisimu twaijua vyema dhambi niliyoitenda. Tenzi nyingi za Lamu na Pate zimetufikia katika miswada ya hati za Kiarabu. Mhariri akikuta neno la Kiamu "ndia", akaliandika "njia" bila kuacha alama yoyote, atakuwa ameusafisha utenzi na wakati uo huo amemnyang'anya msomaji ushahidi wa lahaja. Kusahihisha si kosa. Kosa ni kusahihisha kimyakimya.

Ndivyo ilivyo kwa redio za vali, zile zenye vichupa vya kioo vinavyowaka mfano wa vibatari. Chombo cha namna hiyo hakifufuliwi bila kubadilishwa baadhi ya viungo. Kapasita za karatasi zikishazeeka huvujisha umeme, na mtu akichomeka redio ukutani kwa pupa aweza kuiunguza transfoma, ambayo kupata nyingine mfano wake ni kazi ngumu. Aidha, kapasita kubwa zaweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya umeme kukatwa. Kwa sababu hiyo mwanafunzi asithubutu kuyatia mikono matumbo ya redio hizi bila fundi kuwapo. Wapo mafundi wanaokomba kapasita ya zamani ikabaki ganda tupu, wakaificha mpya ndani yake ili sura ya kale isipotee. Sina ugomvi nao, mradi waandike walichokifanya.

Kipokezi changu nilikipeleka kwa mzee mmoja aliyejifunza ufundi wakati wa vali. Nilipomsimulia habari ya kitambaa, alitikisa kichwa.

"Mwalimu," akasema, "barua umeifua kabla ya kuisoma."

"Ni kweli, Mzee," nikamjibu, kwa kuwa sikuwa na la kujitetea.

Kwa majuma mengi alinifundisha kupima, kutia lehemu na kungoja. Usiku tulipokiwasha, vali zilipata moto taratibu, mvumo ukajaa chumbani, kisha kwa mbali tukasikia nukta na vistari vya Mose. Mtu fulani, sijui wa nchi gani, alikuwa akimwita yeyote atakayemsikia. Mtu wa mbali vile niliweza kumsikia, lakini mwenye kipokezi kile, ambaye huenda aliishi mtaa wa pili, sitamjua kamwe.

Walimu wenzangu, yamkini katika stoo ya shule yako, au juu ya kabati la babu ya mwanafunzi wako, mna redio inayongoja mizani ya mnunuzi wa vyuma. Kabla ya kuipangusa, ipigeni picha ndani na nje. Nakilini kila alama ya penseli, hata ile isiyo na maana kwenu. Muulizeni mwenyewe aliinunua wapi na alisikiliza nini. Kiungo kitakachotolewa kitiwe mkebeni pamoja na karatasi ya tarehe. Muulizeni fundi mzee pia, maana naye ni hati, tena hati isiyo na nakala.

Nami nimebandika karatasi ndani ya kifuniko cha Eddystone yangu. Nimeorodhesha kapasita zilizobadilishwa, na chini yake nimeandika kwamba hapa palikuwa na jina la mtu, nami nililifuta. Atakayekirithi chombo hiki walau ajue kosa ni la nani.