Gunia la Unga wa Mifupa Lifikapo Kizuizini

Askari aliyesimama kizuizini katika barabara iendayo Lilongwe amefundishwa kutafuta vitu vinavyotambulika kwa macho au kwa harufu: silaha, bangi, meno ya tembo. Gunia la unga wa rangi ya kahawia, lenye harufu ya nyama iliyokaushwa, hulitazama mara moja na kuliruhusu lipite, maana mwenye mzigo amemwambia kwamba ni chakula cha kuku. Na ni kweli, ni chakula cha kuku. Twapenda leo kulizungumza gunia hilo, kwa kuwa ni nadra katika kazi ya ulinzi kwamba mwenye mzigo aseme kweli tupu na hatari ipite vilevile.

Kwanza yafaa tujue kwa nini gunia hilo linasafiri. Chinsapo ni mtaa wa watu wa kipato kidogo kandoni mwa mji mkuu wa Malawi, ambamo nyumba zimebanana na ua ni haba. Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, ni mahali palipokuwa gereza, pakafanywa makazi ya wakimbizi mwaka 1994. Makazi hayo yalikusudiwa watu wapatao 10,000; sasa wamo zaidi ya 50,000, walio wengi wakiwa wametoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ni lugha yao ya sokoni. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka, na askari walishiriki katika kulitekeleza agizo hilo. Kwa watu wa hali hii, kuku ishirini nyuma ya nyumba ni ada ya shule, ni dawa, ni nauli ya kwenda kuzika. Kuku hao hula madeya, yaani pumba za mahindi. Lakini pumba peke yake hazileti yai. Hutakiwa protini, nayo hupatikana kwa soya, ambayo Malawi yenyewe yailima, au kwa usipa, ndio dagaa wa Ziwa Nyasa. Soya na usipa vinapopanda bei, ndipo mfugaji anapolitazama gunia lililotoka mbali: unga wa nyama na mifupa, unga wa damu, unga wa samaki wa viwandani.

Unga huo hutengenezwa kwa masazo ya machinjio: mifupa, matumbo, damu, na pengine mizoga. Hupikwa, hukamuliwa mafuta, hukaushwa, husagwa. Ukipikwa ipasavyo ni chakula bora. Usipopikwa ipasavyo, hufanana kabisa na ule uliopikwa. Hakuna jicho, pua wala kidole kinachoweza kuutenga mmoja na mwingine.

Waingereza walijifunza jambo hili kwa gharama ambayo haijapata kusahauliwa. Mwaka 1986 madaktari wao wa mifugo walitambua maradhi mapya, yakaitwa kichaa cha ng'ombe. Mnyama huyumba, huogopa kivuli chake, huanguka, hufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ng'ombe, mnyama wa kula majani, alikuwa amelishwa unga uliotokana na ng'ombe wenzake. Mwezi wa Julai 1988 serikali yao ikapiga marufuku kuwalisha ng'ombe, kondoo na mbuzi unga huo. Kwa karatasi, mambo yalikwisha siku hiyo. Kwa kweli hayakwisha. Viwanda viliendelea kusaga chakula cha kuku na nguruwe chenye unga huo kwa mashine zilezile zilizosaga chakula cha ng'ombe. Na kwa kuwa chini ya gramu moja ya ubongo wenye maradhi yatosha kumwambukiza ndama, ng'ombe zaidi ya 40,000 waliozaliwa baada ya katazo waliugua. Jumla ya walioambukizwa na kuthibitishwa nchini humo ilipita 180,000. Mwaka 1996 ilitangazwa kwamba yaelekea maradhi hayo yamewafikia binadamu waliokula nyama yake. Waliokufa huko Uingereza walizidi 170. Ndipo katika mwaka huohuo ikawa kosa hata kuuweka tu unga huo katika shamba la mifugo.

Jambo linalotuhusu sisi zaidi ni lile lililotendeka kati ya miaka hiyo. Unga uliokatazwa kulishwa ng'ombe nyumbani uliendelea kuuzwa nchi za nje. Halikuwa jambo la siri wala la magendo. Ulisafiri na hati zake, ukalipiwa ushuru, ukapokelewa. Mwaka 2001 Japani ilimgundua ng'ombe wake wa kwanza mwenye maradhi, na walioshukiwa mbele ya wote walikuwa unga wa nje. Oman, ambako wengi wa ndugu zetu wa Pwani wana jamaa, iliwapata ng'ombe wawili wagonjwa mwaka 1989, nao walikuwa wameletwa wazima kutoka Uingereza.

Kwa hiyo shehena ya namna hii hufungwa kwa kufuli mbili, na kila kufuli ina mwenye ufunguo wake. Mamlaka ya Mapato ya Malawi, kwa upande wa forodha, hutazama bidhaa ni nini, thamani yake kiasi gani na ushuru wake ni upi. Idara ya Afya ya Mifugo hutazama maradhi. Stakabadhi ya ushuru haimwambii mtu lolote juu ya joto la mtambo uliopika unga. Twalisema hili kwa mkazo, kwa maana dereva aliyekwisha kulipa forodha huamini kwa dhati kwamba amemaliza, na askari mwenye huruma humwamini.

Kibali cha daktari wa mifugo lazima kipatikane kabla mzigo haujaondoka ulikotoka. Ndivyo ilivyo Malawi, na ndivyo ilivyo Tanzania chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003. Kibali kilichoandikwa baada ya lori kufika mpakani hakina maana, maana shabaha yake ni kuizuia hatari ikiwa bado mbali. Pamoja nacho huja cheti cha daktari wa serikali wa nchi iliyotengeneza unga. Cheti hicho ndicho roho ya jambo lote. Humo huandikwa unga umetokana na mnyama gani na kwa upishi gani. Kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kwa unga wa wanyama wacheuao ni hiki: vipande visizidi milimita 50, vipikwe kwa mvuke wa joto la sentigredi 133 kwa dakika zisizopungua 20, chini ya shinikizo takriban mara tatu ya lile la hewa tuivutayo. Hata upishi huo huipunguza tu sumu ya kichaa cha ng'ombe, hauimalizi. Ndiyo sababu nchi yenye maradhi yasiyodhibitiwa haitakiwi kuuza unga huo kabisa.

Orodha ya kimataifa ya forodha imeuweka unga wa nyama na wa samaki usiofaa kuliwa na binadamu katika namba 23.01. Chakula cha mifugo kilichokwisha kuchanganywa kipo 23.09, na mbolea itokanayo na wanyama au mimea ipo 31.01. Unga wa mifupa ni mbolea nzuri, hilo halina ubishi, na mtu mwerevu aweza kuuandikisha kama mbolea ili akwepe macho ya daktari, kisha ukauzwa mtaani kama chakula. Askari akikuta hati isemayo mbolea na gunia linapelekwa kwa muuza vyakula vya kuku, asiwe na haya ya kuuliza.

Malawi haina bahari. Shehena zake hupita Dar es Salaam na Kasumulu, au Beira na Nacala. Katika safari hiyo lakiri ya kontena ndiyo mlinzi. Ikikatwa njiani, cheti hakimhusu tena yeyote. Bidhaa ya kupita si bidhaa isiyo na hatari: mwaka 1920 ng'ombe waliotoka India kwenda Brazil walipitishwa tu bandarini Antwerp, wakaiachia Ubelgiji sotoka. Ni msiba huo uliowafanya mataifa waunde, mwaka 1924, shirika tulilolitaja hapo juu. Tena hati zitokazo Msumbiji zimeandikwa Kireno, dereva asema Kiswahili, askari asema Kichewa, na katika mkorogano huo wa lugha mtu huona aibu kukiri kwamba hakuelewa. Heri kumwita daktari wa mifugo wa wilaya na kungoja.

Hapa hatuna budi kumwekea mkulima na mkimbizi kinga. Mama atokaye ziwani na kifurushi cha usipa mkavu hajaingiza kitu kutoka nje, na kumnyang'anya kwa jina la kanuni hizi ni uonevu. Vivyo hivyo soya iliyokaangwa. Unga wa samaki wa viwandani utokao ng'ambo ni habari nyingine; wakati wa miaka ya 1970 unga wa samaki wa Peru uliieneza aina moja ya bakteria wa Salmonella katika kuku, na kupitia kuku katika watu, huko Marekani, Uingereza na kwingineko. Asiyejua kutofautisha vitu hivi viwili atamwonea mnyonge na kumwachia tajiri mwenye kontena.

Limebaki swali la gunia lililokamatwa, nalo lawahusu askari wenyewe. Kambi nyingi zina mabanda ya kuku na nguruwe, na chakula cha bure ni kishawishi. Majeshi yana historia yake katika mambo haya: inasimuliwa kwamba sotoka iliyoteketeza ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 iliingia Masawa mwaka 1887 pamoja na ng'ombe wa kulisha jeshi la Italia. Na homa ya nguruwe ya Afrika ilifika Ureno mwaka 1957 kwa makombo ya ndege waliyolishwa nguruwe karibu na uwanja wa Lisbon. Gunia lililozuiliwa lisigawanywe, lisipigwe mnada, wala lisiwekwe ghala moja na chakula cha ng'ombe au mbuzi. Liandikwe katika daftari kwa uzito na alama zake, lifungwe mahali pakavu pasipofikiwa na panya wala mbwa, na akabidhiwe daktari wa mifugo kwa sahihi. Yeye ndiye atakayeamua kama lirudishwe lilikotoka au liteketezwe, na likiteketezwa askari awepo mpaka gunia la mwisho liwe jivu.