Moyo ya farasi: 64 ao urudi nyumbani

Sisi watu wa mugodi tunazoea kupimwa. Unaingia kwa munganga wa kazi, anakushika mukono, anaangalia saa yake, ananyamaza. Ile kunyamaza ndiyo inaogopesha, maana neno lake moja linaweza kukutosha kwa kazi. Kumbe kule California, inchi ya Marekani, farasi nazo zinapimwa vile vile, na mwenye kupanda anatetemeka sawa sisi.

Mashindano yenyewe inaitwa Tevis Cup. Ilianza mwaka 1955, wakati Wendell Robie alitaka kuonyesha kwamba farasi ya siku hizi ingali na nguvu ya kutembea kilometa 160 kwa siku moja. Mara ile ya kwanza walipanda watu 5 tu. Safari inaanza milimani, upande wa ziwa Tahoe, inaishia Auburn, na saa zote ni 24. Tulipoona majina ya njiani tulicheka: Michigan Bluff, Deadwood, Last Chance, ni kusema «bahati ya mwisho». Pote pale palikuwa pa wachimbaji wa zahabu wa miaka ya 1850. Nani wengine wangeita kijiji vile!

Sasa tufike kwa moyo. Farasi ikipumzika, moyo yake inapiga mara 30 mpaka 40 kwa dakika, polepole kupita yetu. Ikikimbia sana, inapita 200. Njiani kuna vituo vya waganga wa nyama, na alama inayojulikana sana ni 64. Moyo haijashuka, hamupiti.

Hapo ndipo tulishangaa. Mara nyingi saa ya kupumzika haianze kuhesabiwa wakati unafika, inaanza wakati moyo imeshuka. Mutu wa haraka anaingia wa kwanza, farasi inahema, anabaki pale kumwanga maji shingoni, kukwangua yale yaliyopata moto juu ya ngozi, kumwanga tena. Mwenzake anafika nyuma yake, alishuka chini akaongoza farasi kwa mukono. Yeye ndiye anatangulia kutoka.

Munganga anaweka chombo cha kusikilizia nyuma ya kiko cha muguu wa mbele, upande wa kushoto. Moyo inasema tu-tup, na ile tu-tup ni pigo moja; asiyezoea anahesabu mbili. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4, kosa moja linakuwa makosa 4. Kisha kuna mutihani wa munganga Kerry Ridgway: farasi inapimwa, inakimbizwa polepole kama metre 40 kwenda na kurudi, dakika moja ikitimia tangu kuanza, inapimwa tena. Ilikuwa 60, ingali 60? Muzuri. Imepanda 72? Kuna kitu kinajificha: kuchoka, kukosa maji, ao maumivu.

Wengine wanasema ni ukali, kufukuza mutu aliyebakisha kilometa kumi tu, tena usiku. Sisi tunaona ni haki. Farasi haisemi «nimechoka». Ikiona wenzake mbele inafuata tu, hata ndani imeisha. Na zinakufa. Mwaka 2015 shirika la farasi la mataifa, FEI, lilisimamisha Falme za Kiarabu, sababu ya vile farasi zilikuwa zinateswa katika mashindano ya namna hii.

Hata Auburn, kufika si kumaliza: lazima munganga akubali kwamba farasi ingeweza kuendelea. Na kesho yake zile 10 za kwanza zinapimwa upya. Yenye hali nzuri kuliko zote inapewa Haggin Cup, na kuna wapandaji wenye kuitamani ile kupita Tevis yenyewe.