Kenani: Ahadi ya Rais na Mkono wa Askari

Katika wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, pana mahali paitwapo Kenani. Jina hilo humkumbusha mtu ile nchi ya ahadi, lakini waliofika hapo mwaka 2017 hawakuja kutafuta maziwa na asali. Walikuja kutafuta mahali pa kulala pasipo milio ya risasi. Walitoka ng'ambo ya mpaka, katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika nchini Kongo, ambako wanamgambo walikuwa wakipambana na majeshi ya serikali. Tangu tarehe 30 Agosti, katika majuma matano tu, zaidi ya watu 3,000 waliingia Zambia, na wengi wao walikuwa watoto. Walisimulia habari za nyumba kuchomwa moto, mali kuporwa, wanawake kunajisiwa na watu kuuawa. Kenani ikawa kituo chao cha kupokelewa, na mapema mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya hiyo hiyo.

Ndugu askari, watu hao walikuwa bado ugenini tarehe 24 Januari 2019, siku ambayo Bwana Félix Tshisekedi alikula kiapo mjini Kinshasa. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru wa mwaka 1960, rais wa Kongo alimkabidhi mwingine madaraka bila mapinduzi wala vita. Mkimbizi hakuwa na kura katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Hata mwaka 2023, Wakongo wa nchi za nje waliporuhusiwa kupiga kura kwa mara ya kwanza, ruhusa ilikuwa kwa walio katika nchi tano tu, na Zambia haikuwamo. Hivyo mtu wa Kenani alitazama mambo ya kwao kama mpita njia achunguliaye arusi ya nduguye kwa dirishani.

Matumaini hayakukosa sababu. Rais mpya alikuwa mtoto wa Étienne Tshisekedi, mpinzani wa miaka mingi aliyefungwa na kuteswa tangu enzi za Mobutu, na aliyefariki dunia mwezi wa Februari 2017. Mtoto aliyelelewa katika nyumba iliyogongwa mlango na polisi usiku, watu walisema, hawezi kusahau sauti ya mlango huo. Na mwezi wa Machi 2019 alitangaza msamaha kwa mamia ya wafungwa wa kisiasa.

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tume ya Uchaguzi ilimpa Bwana Tshisekedi ushindi wa asilimia 38 na kitu. Mpinzani wake, Bwana Martin Fayulu, akasema ameibiwa, na Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi wapatao 40,000, likatamka kwamba hesabu hizo hazilingani na zile lilizokusanya. Zaidi ya hayo, wafuasi wa rais aliyetoka, Bwana Joseph Kabila, ndio waliobaki na wingi wa viti Bungeni. Je, kiti kimepata mtu mpya, au mtu mpya amepata kiti kitupu?

Watu wa ufuko wa Ziwa Mweru walikuwa na sababu ya kuuliza. Mwanzoni mwa Desemba 2000 mji wa Pweto, ulio mahali mto Luvua unapotoka ziwani, ulitekwa na waasi wakisaidiwa na majeshi ya Rwanda. Raia kwa maelfu walivuka kuingia Zambia, na askari wa serikali iliyoshindwa wakavuka pamoja nao, wakanyang'anywa silaha mpakani. Mwezi uliofuata Rais Laurent Kabila aliuawa, na mwanawe Joseph, kijana wa miaka 29, akashika nchi. Siku hizo pia watu walitumaini. Mtu wa Pweto aliyekuwa kijana wakati huo yawezekana alikimbia kwa mzee Kabila, akarudi kwa Kabila mdogo wakati wa safari za kurejea zilizoanza mwaka 2007, kisha akakimbia tena mwaka 2017, nywele zimeshaingia mvi.

Mtu wa namna hiyo hampimi rais kwa hotuba yake. Ikulu ya Kinshasa iko mbali, na hotuba haivuki ziwa. Anayemjua ni askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabara. Serikali aliyoiona kwa macho yake imevaa buti na kushika bunduki. Askari huyo akiwa halipwi mshahara, ataishi kwa ile kanuni ambayo Wakongo wenyewe huiita kwa mzaha mchungu Ibara ya 15, yaani jitafutie. Na anayetafutiwa ni mama mwenye kikapu cha samaki.

Mfano uko karibu. Mwezi wa Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Jeshi la serikali liliukomboa kwa muda mfupi, lakini raia wasiopungua 70 waliuawa. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachia washtakiwa katika mashtaka ya mauaji hayo. Haki ilibidi itafutwe nje ya nchi, katika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi wake dhidi ya serikali ya Kongo ulifahamika hadharani mwaka 2017, mwaka ule ule ambao ufuko huo ulianza kumwaga watu tena. Mji ulikombolewa kwa siku moja. Imani ya watu wake haikukombolewa.

Tangu hapo mengi yamepita. Mwezi wa Desemba 2020 Bwana Tshisekedi alivunja ushirika wake na watu wa Kabila. Mwezi wa Mei 2021 aliiweka mikoa ya Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi, maafisa wa jeshi na polisi wakashika nafasi za magavana. Mwezi wa Desemba 2021 misafara ya kurejea kwa hiari ilianza kutoka Mantapala kwenda Pweto. Baadhi walipanda magari. Wengine walibaki, wakingoja habari kutoka kwa waliotangulia. Na mwezi wa Januari 2025, mji wa Goma ulipoanguka mikononi mwa waasi wa M23, aliyebaki alipata sababu nyingine ya kungoja.

Swali ambalo aliyetangulia huulizwa si kama rais ni mwema. Huulizwa: njiani mlisimamishwa mara ngapi? Mlitozwa nini? Binti zenu walipita salama? Majibu ya maswali hayo hayaandikwi Ikulu. Huandikwa na koplo na konstebo, usiku, barabarani, mahali pasipo na mkubwa wa kuwatazama. Kiongozi mpya huapa mara moja mbele ya umma. Askari wake humwapia kila siku mbele ya raia mmoja mmoja. Raia huyo akipita kizuizini na mzigo wake mzima, atamtumia nduguye aliye Nchelenge neno moja tu: njoo.